Muulize Fundi: Nyumba ya Baba na Ngazi Zilizozama

Mwezi huu barua zimekuja na mabawa. Msomaji mmoja ameyabandika manne kwenye karatasi kwa selotepu, akaandika chini yake: "Hawa ni nani na wanataka nini?" Vuli imenyesha, kumbikumbi wametoka, na watu wenye nyumba za zamani wameanza kugonga fremu za milango usiku. Basi safari hii tutajibu mchwa tu. Wa makabati ya jikoni na wa milango inayovimba mnisubiri.

*

*Shikamoo fundi. Nyumba ya marehemu baba iko Mikocheni, aliimaliza mwaka 1983. Tumeirithi mimi na dada zangu wawili na tunataka kuipangisha. Jioni moja ya Novemba, baada ya mvua, kumbikumbi walijaa sebuleni ingawa madirisha yote yana nyavu na milango ilikuwa imefungwa. Asubuhi tulizoa mabawa kwa ufagio. Stoo, boksi la vitabu vya baba limegeuka udongo mtupu. Hati ya kiwanja imepona kwa sababu mzee aliiweka kwenye kopo la biskuti. Fremu ya mlango wa stoo ukiigonga inalia kama ngoma. Amekuja kijana wa dawa, amekaa dakika tano, anataka laki tisa apulizie nyumba nzima. Tumpe?*
*Kifungua mimba, Mikocheni*

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Msimpe kwanza. Sisemi kijana ni tapeli, na dawa yake huenda ni nzuri. Ila mtu wa dakika tano hajajua mchwa wanaingilia wapi, na dawa ikimwagwa pasipo njia yao mtakuwa mmeosha nyumba kwa laki tisa.

Tuanze na hao wageni wa sebuleni. Kumbikumbi ni mchwa wale wale, wameota mabawa wakatoka kutafuta wenza na kuanzisha makazi mengine. Wakiingia kwa kufuata taa ya barazani, hiyo si habari, kila nyumba huzima taa jioni ya mvua ya kwanza. Kwenu nyavu zilikuwepo na milango imefungwa. Hao hawakuingia, wametokea humo humo. Chini ya sakafu au ndani ya ukuta kuna kundi lililokomaa, na kundi huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa kumbikumbi. Msidhani wamehamia mwaka huu. Huenda mzee alikuwa bado anavisoma vitabu hivyo na wao wako chini ya kiti chake.

Mikocheni naijua. Viwanja vya huko, pamoja na vya Sinza na Kijitonyama, vilipimwa miaka ya 1970 katika ule mradi wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Nyumba zilipokuwa zinapauliwa mimi nilikuwa kijana wa kupiga msasa Keko, tukipeleka milango kwa lori la kukodi. Pale ni tambarare na maji ya ardhini yako karibu. Chimba shimo la choo wakati wa masika utakutana nayo kabla jasho halijakutoka. Kwa hiyo waliojenga wakati ule walinyanyua msingi. Kwenda barazani ulipanda ngazi mbili au tatu.

Nendeni mkazihesabu leo.

Barabara imepandishwa, jirani amemwaga kifusi, na nyie wenyewe labda mmeweka udongo wa bustani kisha pevingi juu yake. Nyumba haijazama, ardhi ndiyo iliyopanda. Kama imebaki ngazi moja, udongo umekwisha kuipita ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi, ambayo mafundi tunaiita dipisii. Unyevu unapanda ukutani bila kizuizi, plasta inabambuka na kutoa chumvi nyeupe, na mchwa anapita juu ya karatasi kama mtu anayevuka uzio uliofukiwa. Nje ya ukuta mnatakiwa kuuona msingi mtupu angalau sentimita 15 kutoka kwenye udongo hadi kwenye dipisii, pande zote nne. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza na haihitaji dawa, inahitaji koleo na toroli. Ondoeni udongo, ondoeni na maua yaliyoegemea ukuta. Najua dada zako watalalamika juu ya maua.

Mchwa ana ngozi laini na jua na upepo humkausha upesi. Ndiyo maana hatembei wazi kama siafu. Hujenga kijia cha udongo chenye unene wa penseli, akapita humo gizani kwenye hewa yenye unyevu hadi kwenye mbao. Udongo wenye maji ukiugusa ukuta wako humpunguzia safari. Na maji yakiwa mengi mno, kama Aprili na Mei, naye hukimbia kwenda juu. Simu yangu huita sana Juni, mvua zikikatika na watu wakianza kufungua stoo.

Sasa hiyo fremu. Hapa nina kosa langu la kukiri. Miaka ya tisini kulikuwa na mteja Kijitonyama ambaye nilimbadilishia fremu ya mlango wa jikoni mara tatu. Mara ya kwanza mbao laini, ya pili mbao laini iliyopakwa dawa, ya tatu nikajitutumua nikaweka mninga. Mchwa wakala ule weupe wa nje wa mninga, wakaacha moyo mwekundu umesimama kama mfupa. Mke wake ndiye aliyeniuliza, "Fundi, hilo bomba linalovuja huku nyuma halihusiki?" Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na sinki, bomba la maji machafu limepasuka ndani ya plasta, na ardhi chini yake ni tope mwaka mzima. Mimi fundi mzima nilikuwa natazama mbao tu. Tulitengeneza bomba, tukakata miguu ya fremu, na ile ya mninga niliyoirekebisha ilikuwa bado imesimama mara ya mwisho nilipopita pale.

Miguu ya fremu nina maana gani? Zamani tulikuwa tunasimamisha fremu kabla ya kumwaga sakafu. Miimo yake ilishuka hadi kwenye kifusi chini, kisha zege likamwagwa kuizunguka. Ilisimama imara kweli, lakini tulikuwa tumewachomekea mchwa mrija kutoka udongoni hadi usawa wa macho. Nyumba ya 1983 nina hakika imejengwa hivyo. Mwiteni seremala akate kila mwimo uliolika, sentimita 10 hivi juu ya sakafu, atoe kisiki chote kilichozikwa, shimo lipigwe dawa na kujazwa zege zito, fremu isimame juu ya zege. Msikubali afunike shimo kwa plasta na kisiki kimo ndani. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo hurukwa.

Kabla ya yote hayo, chukueni bisibisi bapa, tochi na chaki. Piteni kila mlango, kila dirisha, kila pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu. Gongeni kwa mpini, palipolia utupu chomeni kwa ncha. Bisibisi ikizama bila kubishana, hapo wekeni alama ya chaki na tarehe. Mkikuta kijia cha udongo, msikifagie chote. Vunjeni kipande cha sentimita tano katikati na mrudi baada ya siku tatu. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi, wapo kazini. Kikibaki wazi, wameacha njia hiyo, na si lazima wawe wameiacha nyumba. Mkimaliza mtakuwa na ramani ya nyumba yenu, na mara nyingi alama hukusanyika bafuni, jikoni, nyuma ya tangi na pale kiyoyozi kinapodondosha maji. Kiyoyozi! Watu wanafunga mashine ya mamilioni halafu bomba lake la maji linaachwa lining'inie ukutani, linadondosha tone moja moja pale pale kwenye msingi miaka kumi.

Mkishakausha ndipo mmwite kijana wa dawa, na mpeni ramani. Muulizeni jina la kiambato kilichomo, si jina la kwenye kopo tu. Kuna dawa zinazofukuza mchwa, nyingi za jamii ya pairethroidi, na hizo zikiacha pengo dogo mchwa huzunguka na kulipata. Kuna nyingine, kama fipronili na imidaklopridi, ambazo mchwa hazitambui. Hupita humo akazibeba na kuwagawia wenzake wanapolishana na kulambana. Kwa nyumba iliyokwisha kuingiliwa mimi hupendelea za aina hiyo ya pili. Kopo liwe na lebo inayosomeka na dawa iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu yenye makao makuu Arusha. Na asipulizie. Kupulizia kuta huua wale unaowaona, wakati kundi lenyewe liko chini. Anatakiwa kuchimba mfereji mdogo nje kuzunguka msingi na kuulowesha dawa, na ndani atoboe matundu kwenye mstari wa ukuta na sakafu kila sentimita 30 hivi, aingize dawa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kisha azibe. Marumaru zitatobolewa, mjiandae kisaikolojia.

Mna kisima? Hukutaja, na Mikocheni wengi wanacho. Kama kipo, mwambieni mapema, na kama kiko karibu na ukuta msikubali dawa imiminwe upande huo. Hapo tumieni njia ya kukata miguu ya fremu na kukausha. Wala msifanye kazi hii udongo ukiwa umelowa chapachapa, dawa itaogelea iende kwa jirani. Ngojeni Januari mwishoni au Februari. Wamekaa humo miaka, wiki sita zaidi hazitaangusha nyumba, ila vitabu vilivyobaki viinueni kutoka sakafuni leo hii. Na dawa haidumu milele. Andikianeni kwamba atarudi kukagua baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka.

*

*Fundi, niko Morogoro. Nataka kununua nyumba ya zamani ya bati, iko chini kidogo ya mlima, bustani yake mbichi hata kiangazi. Imepakwa rangi mpya. Dalali ananipa saa moja kuikagua. Nianzie wapi?*
*Mnunuzi mwenye haraka*

Haraka ni ya dalali, wewe usiibebe. Hata hivyo saa moja inatosha ukiitumia vizuri.

Dakika ishirini za kwanza usiingie ndani. Zunguka nje. Angalia udongo umefika wapi kwenye ukuta, maji ya bati yanaangukia wapi, kama kuna gata au maji yanachimba mfereji miguuni mwa nyumba. Kwenu Morogoro maji ya Uluguru hupita chini ya ardhi hata mvua zikiwa zimesahaulika, kwa hiyo ubichi wa bustani uheshimu, si urembo tu. Tafuta visiki. Mwembe uliokatwa mwaka juzi ukaachiwa mizizi chini ya ukuta ni ghala la chakula, na chakula kikiisha walaji wanatafuta kingine hapo hapo. Tafuta rundo la kuni au mbao za kumwagia zege zilizoegemezwa ukutani. Lisogeze. Chini yake ndipo nyumba inaposema ukweli.

Rangi mpya mimi hunipa wasiwasi. Angalia kama imepakwa nyumba nzima au imepakwa fremu na pembe za chini tu. Weka tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga upite umelala, utaona vijia vilivyokwanguliwa na kupakwa juu: mistari yenye mbonyeo inayopanda. Mbao iliyoliwa hubaki na ganda jembamba kama karatasi, na rangi juu yake hukunjamana ukiibonyeza kwa dole gumba.

Ndani, kimbilia vyumba vya maji na stoo. Sebule itakuwa imepambwa kwa ajili yako. Fungua kabati chini ya sinki, pitisha mkono nyuma ya mabomba. Fungua kifuniko cha swichi moja kwenye ukuta wenye unyevu, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni. Nimewahi kukuta udongo umejaa ndani kwa sababu mchwa walipanda kwenye bomba la nyaya wakatokea darini bila kuacha alama moja ukutani.

Kisha omba ngazi. Dalali atakwambia ufunguo wa dari umepotea. Mwambie utasubiri. Kenchi za nyumba za zamani hukaa juu ya boriti iliyolala kwenye ukuta, na mwisho wa kenchi, pale zinapogusa ukuta, ndipo uharibifu huanzia. Choma hapo kwa bisibisi. Kenchi moja au mbili zilizoliwa ni za kubadilisha na kupunguza bei. Ukikuta upande mzima umelia utupu, hapo unanunua kiwanja tu, na ulipe bei ya kiwanja. Ukikuta dari ya jipsamu ina madoa ya kahawia, kumbuka ile ni chaki iliyovalishwa karatasi, na karatasi mchwa huila akaiacha chaki.

Kipima unyevu ukikipata kwa kuazima, kisimike kwenye mbao tano au sita. Mbao ikizidi asilimia 20 iko kwenye hatari ya kuoza hata bila mchwa.

*

*Fundi mwema, mimi ni bibi wa Tanga. Chini ya kabati langu la nguo kila asubuhi nazoa chembe kama ulezi. Udongo hakuna, vijia hakuna. Mjukuu anasema ni mchwa, mimi nasema ni bungua. Nani mkweli?*

Shikamoo bibi. Mjukuu ameshinda safari hii, ingawa najua hatakuwa na raha ya kushinda mbele yako. Bungua hutoa unga kama wa muhogo na huacha matundu madogo ya duara. Chembe ngumu zinazoteleza mkononi kama ulezi ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Ukizitazama kwa miwani yako nzuri utaona kila moja ina pande sita. Pwani wapo wengi, na hawa hawahitaji udongo wala maji ya ardhini, wanaishi ndani ya mbao yenyewe. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia dawa ya kumwaga msingini, mpe chai aende zake.

Fagia, weka karatasi nyeupe chini, uone chembe zinadondoka kutoka wapi hasa. Juu ya hapo kuna tundu dogo wanalosukumia taka. Kama ni rafu moja, itoe nje ya nyumba na uwekewe nyingine. Kama ni nguzo ya kabati, fundi atoboe matundu membamba na kuingiza dawa kwa bomba la sindano, kisha azibe kwa nta. Vinyago vidogo na fremu za picha vifunge kwenye plastiki uviweke kwenye friza wiki mbili. Na kitanda ulichonunua pamoja na kabati hilo kikague kabla ya kulala leo.

*

*Baba yangu aliapa kwa oili chafu. Alipaka kenchi zote. Nami nipake?*
*Mjenzi mdogo, Kibaha*

Usipake. Huenda ilimsaidia mzee kwa muda, lakini oili hukaa karibu na uso wa mbao, haizami sana, na mbao ikipasuka kwa jua mchwa huingilia kwenye ufa. Ina madini mazito na sumu zinazoweza kuleta saratani, rangi haishiki juu yake, na moto unaipenda. Nunua mbao za Mafinga zilizokwisha kuwekewa dawa kiwandani, zile zenye ukijani. Kila ukikata, ncha mpya haina ulinzi, ipake dawa kabla ya kupigilia. Na vipande vinavyobaki usimpe mama wa jikoni avipikie. Dawa ile ya kijani mara nyingi ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

*

*Kuna kichuguu nyuma ya uzio. Nikimtoa malkia mchwa wa nyumbani watakwisha?*
*Mkulima wa mjini, Tabata*

Inategemea kama walio ndani ni wa kichuguu hicho, na mara nyingi sio. Kiwanja kimoja huweza kuwa na makundi kadhaa, mengine hayajengi kichuguu kabisa. Tena baadhi ya jamii za mchwa zikipoteza malkia huinua mwingine. Chimbeni mkitaka, udongo wake ni mzuri kwa kusiliba na kwa tofali. Ila ukaguzi wa ndani uko pale pale.

*

*Hujambo fundi. Tumewekewa dawa ya mchwa wiki iliyopita. Jana kumbikumbi wametoka kwenye ufa wa ukuta, wanangu wamewaokota bakuli zima na wanataka niwakaange. Sisi ni watu wa Bukoba, unaelewa.*
*Mama wawili, Ubungo*

Naelewa sana, na jirani zangu wa Bukoba wamenifundisha kuwala na chumvi kidogo. Hao wa jana wamwage, mama, wafukie mbali na kuku, kisha watoto wanawe mikono kwa sabuni. Kumbikumbi aliyetoka kwenye ukuta wenye dawa amepita ndani ya dawa. Wanunulie wa sokoni, uulize wametoka wapi, na ule ufa uuwekee alama ya chaki kabla hujasahau ulikuwa wapi.